Naomba ushauri: mwenzetu anadanganya uwanjani, tumwambieje?

Ndugu zangu, hapa Bukavu tunacheza frisbi ya timu, ile ya Ultimate, ya kurushiana kisahani cha plastiki, saba kwa saba, bila refa. Mchezaji mwenyewe ndiye anayetangaza faulo; mpinzani asipokubali, kisahani kinarudi kwa aliyerusha na mchezo unaendelea.

Shida ni mwenzetu mmoja, mkubwa wetu kwa umri, tunamwita yaya. Mechi ikibana, anadaka mguu ukiwa juu ya mstari, kisha anaapa alikuwa ndani. Mstari ni nje, na sisi tulio karibu tunaona. Kanuni zenyewe zinatutaka tumwambie mwenzetu akitangaza visivyo. Lakini nikifungua mdomo, wengine wananigeukia: "Wewe uko upande gani?" Na kumkosoa yaya mbele ya wapinzani, kwa malezi yetu, ni kumvunjia heshima. Nikinyamaza, nashiriki uongo. Hilo linaniuma kuliko kufungwa.

Nafikiria tukubaliane kabla ya mechi: aliyeona vizuri zaidi ndiye aseme, awe mdogo au mkubwa. Je, nimuone yaya kwanza peke yake, au nilipeleke kwa timu nzima? Mliocheza bila refa, ninyi mlifanyaje?