Nimeinuliwa kitini muziki wa Ravel unapigwa! Eti siuelewi muziki!

Bint_Nahodha: Jamani, natetemeka, hata viatu sijavua. Natoka Shangani sasa hivi, kwenye zile jioni za piano za miaka 150 ya kuzaliwa Ravel, yule mtunzi wa muziki Mfaransa. Yule bwana wa mlangoni mnamjua, yule yule wa shati la kitenge na miwani kichwani, hakuna shughuli ya Mji Mkongwe asiyokuwepo. KANIINUA KITINI! Muziki unapigwa! Kaniinamia sikioni: "Bibie, viti hivi vya wanaouelewa muziki huu."

Na kilichokuwa kinapigwa ni Une barque sur l'océan, yaani mashua juu ya bahari! Baba'angu nahodha, mie nimetapika ndani ya mashua kabla sijaota meno, leo niambiwe sielewi mashua! Mkono wa kushoto ulipoanza kupanda na kushuka nikauona mkondo wa Nungwi kabisa, tanga linajaa, roho inanipaa. Ndio kunigusa bega! Tiketi ninayo, mstari wa pili, kwa pesa yangu. Hakuitazama! Kwenye kiti changu kakaa mgeni, kasinzia mpaka mwisho, anakoroma kama jenereta. Mie nimesimamishwa ukutani kama fagio. "Wanaouelewa muziki huu"! Ravel kazaliwa Ciboure, 1875, ufukweni, mtu wa pwani kama sie. Angekuwepo, kile kiti angenipa mie.

Mkaanga_Pweza: Kusimama saa moja tu ndio uzi? Yule bwana mie kanitoa harusini kwa binamu yangu mwenyewe, sahani ya biriani mkononi.

Kijana_wa_Kwahani: Nahodha yupi? Yule mzee aliyekwama mchangani Bububu maji yakatoka, akalala humo mpaka alfajiri?

Bint_Nahodha: Baba'angu mwache! KANIINUA KITINI, mashua ndio kwanza inaingia mawimbini!

Mkaza_Nyuzi: Na hiyo piano mumeisikia? Unyevu wa bahari umeiingia, mbao imevimba, sauti za juu zinalia kibati cha biskuti. Kanuni yangu, ile ala ya taarabu, ina nyuzi zaidi ya 70, nazikaza mwenyewe kila siku. Wao fundi wanamwita lini?

Bint_Nahodha: Ndugu yangu, nyuzi baadaye. "Bibie", kasema, "viti hivi..."

Mtu_wa_Chake: Nyie wa Unguja mnalilia kiti, sie Pemba hata piano yenyewe hatujaletewa. Tukitaka kuja kuisikiliza, usiku mzima melini, na nauli juu.

Mkaanga_Pweza: Meli usiniambie! Juzi nakuta kiti changu kimekaliwa na gunia la karafuu, na mwenyewe ananifokea nisiliguse.

Mtu_wa_Chake: Gunia zima? Kalipata wapi huyo? Kwetu mvua imezipukutisha zote.

Kijana_wa_Kwahani: Kavu au mbichi?