Kadi ya fidia ya kesi ya pamoja: nijaze au ni matapeli?

Wakuu, habari za jioni. Niko Columbus, Ohio. Juzi nimekuta kadi ndogo kwenye sanduku la barua, nusura niitupe na matangazo ya piza. Inasema kampuni ya simu niliyowahi kuitumia ilivujisha taarifa za wateja, ikashtakiwa kwa niaba yetu wote, na sasa imekubali kulipa. Kuna namba ya dai, ila jina langu wamelikosea herufi mbili, hapo ndipo roho ilipoanza kusita.

Fomu inataka tarakimu nne za mwisho za soshal (Social Security, namba ya utambulisho ya huku Marekani). Yaani zile zilishavuja, halafu niongeze nyingine?

Nikikaa kimya sipati kitu, na haki ya kushtaki mwenyewe inapotea, isipokuwa nikijitoa kwa barua. Ile fidia ya 2019 ya Equifax, kampuni ya kumbukumbu za mikopo iliyovujisha taarifa, watu walitajiwa hadi dola 125, wengi wakaambulia vijisenti, kwa hiyo sijajenga nyumba kichwani.

Mliowahi kujaza, mlihakikishaje tovuti ni ya kweli? Na jina, niliandike walivyolikosea au nilirekebishe? Mwisho ni Ijumaa ijayo.