Mjadala: Mkulima wa mlimani auze kahawa mbivu CPU (mtambo wa pamoja wa kumenya), au amenye mwenyewe nyumbani?

Mringaringa
Wadau, msimu umefunguka na AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) nyingi za Kilimanjaro zinabishana tena. Wengine wanataka mbivu zote ziende CPU, wengine wanaendelea kumenya nyumbani na kuleta pachimenti, yaani punje zilizomenywa na kukaushwa zikiwa bado na ganda la ndani. Mimi nasema CPU, tena bila msamaha. Mnunuzi wa kahawa maalumu anataka mzigo unaofanana kutoka gunia la kwanza hadi la mwisho. Ukikusanya magunia 20 kutoka nyumba 40, umekusanya mivundiko 40, maana kila nyumba inavundika punje kivyake ili utelezi utoke. Nyumba moja imevundika saa 14, nyingine siku mbili kwa sababu kulikuwa na msiba, ya tatu imeanika juu ya turubai bovu karibu na zizi. Na hizo mashine za mkono za kumenyea za enzi za babu zinakata punje tu.

Baba Pachimenti
Mashine za babu zimekukosea nini? Mashine haikati punje, anayeifunga vibaya ndiye anayekata. Kabla ya msimu fungua, safisha, tazama bati la ngoma kama meno yamelala. Funga, pitisha kilo moja ya mbivu na uangalie kinachotoka. Punje zikiwa na jeraha umebana mno. Maganda yakitoka pamoja na punje umelegeza mno. Na urudie kila baada ya wiki chache, maana ukubwa wa mbivu unabadilika msimu unavyokwenda.

Halafu hesabu: kilo 5 hadi 6 za mbivu ndiyo kilo moja ya pachimenti. Anayeuza mbivu anaacha maganda yote CPU, mengi yanaoza kando ya mto badala ya kurudi kwenye shina kama mbolea. Hilo nalo lipigiwe hesabu.

Mringaringa
Maganda, mzee? Tunazungumzia bei ya mnada wewe unaleta maganda.

Mwana Umatengo
Nyie wa Moshi mnagombana kama mlima ni wenu. Japani arabika yoyote iliyooshwa ya Tanzania inaruhusiwa kuitwa Kilimanjaro, ukiondoa ya Bukoba. Ya kwetu Mbinga imo, ya Mbozi imo. Hata mchanganyiko wenye asilimia 30 tu ya kahawa hiyo unabeba jina. Sisi tunalima, nyie mnapiga picha theluji.

Mangi wa Uru
Hapa sasa umegusa pabaya. KNPA, chama cha wakulima wenyeji wa kahawa Kilimanjaro, kilianza 1925, na KNCU, ushirika uliokirithi, 1933. Jina hilo lilijengwa na watu waliopigania haki ya mwafrika kulima kahawa wakati walowezi hawataki. Leo mtu wa Mbinga anapanda juu ya jina letu halafu anatucheka?

Mwana Umatengo
Mkuu, 1925 haionjwi kwenye kikombe. Kinachoonjwa ni kahawa ya mwaka huu. Toa sampuli.

Mangi wa Uru
Nyie mnajua vishimo vya ngoro, kahawa mmejifunza jana.

Mwana Umatengo
Ngoro ni za mahindi na maharage, kaka. Unatukana usichokijua.

Binti Karagwe
Na sisi Kagera mnatupitia tu kwenye mabano, "ukiondoa ya Bukoba". Arabika yetu nyingi imezoea kukaushwa na maganda yake, ndiyo maana haimo. Lakini tunda likichumwa jekundu tupu, likaanikwa kwenye kichanja na kugeuzwa mara kwa mara, kikombe chake kinakuwa kizito na kitamu. Tatizo ni butura: mtu ameshauza kahawa ikiwa bado ua, atasubiri iive vizuri kwa faida ya nani?

Baba Pachimenti
Dada kasema kweli. Mbinga nao wana magoma yao, mambo yale yale. Huyo wa Umatengo kanyamaza hapo.

Mwana Umatengo
Sijanyamaza, nilikuwa shambani. Shamba lenye jua, si msitu wa migomba kama vihamba vyenu, hayo mashamba ya nyumbani. Ndiyo maana daraja la AA kwenu ni la kutafuta kwa tochi.

Sinziga
Naomba niingilie. AA ni punje zinazobaki juu ya chekeche namba 18. Ni ukubwa, si ladha. Na daraja la PB ni punje za tunda lililotoa punje moja badala ya mbili, si aina ya mbegu. Kivuli cha wastani cha miti ya mruka au mringaringa kinachelewesha kuiva na hilo ni jema. Kinachoua mavuno vihambani ni mibuni ya tangu uhuru ambayo haijakatwa, pamoja na migomba iliyobanana inayoshindana nayo kwa maji na potasiamu. Kata shina sentimita 30 kutoka ardhini, kata mshazari ili maji yasitulie, acha machipukizi mawili au matatu yenye nguvu yaliyo mbalimbali. Utakosa mavuno mwaka mmoja. Watu wanashindwa hapo, kwenye huo mwaka mmoja.

Mangi wa Uru
Migomba haitoki kihambani. Ndizi ndiyo chakula, kahawa ni ada ya shule. Ongeeni mengine.

Mama Kichanja
Jamani mada. Anayesema CPU ni salama aende pale wiki ya kilele. Mbivu zinafika saa 12 jioni, foleni, zinalala kwenye gunia hadi asubuhi zikiwa zimepata joto. Zimeanza kuvunda kabla ya kumenywa. Kisha mashine haikusafishwa vizuri, punje za jana zimebaki kwenye kona zinanuka, zinaingia kwenye mzigo wa leo. Punje chache hizo zinatosha kuharibu kikombe. Au tangi la kuvundikia halijaisha wanamwagia mzigo mpya juu: chini umepitiliza, juu bado una utelezi.

Nyumbani au CPU, kazi ni ile ile. Zinazoelea toa. Menya siku ile ile ya kuchuma. Usivundike kwa saa ya ukutani, maana kwenye baridi ya juu inachukua saa 36 au zaidi na tambarare haifiki nusu yake. Chomeka fimbo, ukiitoa tundu likibaki wazi na punje zikikwaruza mkononi, osha. Loweka usiku mmoja kwenye maji safi. Kichanjani usizidishe sentimita 3, funika kuanzia saa 5 hadi saa 9 jua likiwa kali ili ganda lisipasuke, funika tena usiku. Ikifika unyevu wa asilimia 11 au 12, ihifadhi mbali na moshi wa jiko.

Mringaringa
Asante mama, na nani atayafanya yote hayo nyumbani mara kumi msimu mzima? Ndiyo hoja yangu.

Mama Kichanja
Anayefanya alipwe tofauti. Kwa sasa pachimenti yangu na ya aliyeanika chini zinamwagwa gunia moja pale AMCOS. Wekeni daraja mlangoni, kila gunia na namba yake, ndipo mniulize habari ya CPU.

Baba Pachimenti
Na CPU yetu Jumapili haipokei. Kahawa haijui Jumapili.

Mangi wa Uru
Ila bado nasema Mbinga hawana mlima.

Mwana Umatengo
Milima ya Matengo unaiona nini, vichuguu?