Tupeane uzoefu: flati skrini imegoma, fundi akafanya yake

Mkulima wa Zabibu
Mbukwenyi wakuu. Leo hapa Dodoma, pale Majengo, nimepishana na bodaboda kapakia flati ya inchi 43 imefunikwa shuka, abiria kaikumbatia, macho kafumba kwa vumbi. Nikajua huyo anaenda kwa fundi na hajui kinachomsubiri. Yangu ilianza kwa sauti kuwepo, picha hakuna. Taarifa ya habari tunaisikiliza tu, mama watoto anasema tumerudi enzi za redio. Fundi wa Chang'ombe akasema mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeungua. Wa Sabasaba akasema kioo kimekufa, nunua nyingine. Mzee mmoja wa Makole hakushika hata bisibisi. Akafunga mlango wa banda, giza likaingia, akawasha TV na kumulika kioo kwa tochi kutoka ubavuni. Picha ipo! Hafifu, ila mtangazaji unamwona mpaka tai yake. "Kioo kizima, bodi nzima, zilizokufa ni taa za nyuma." Akazibadilisha, jioni ileile nikaondoka nayo. Haya, mwageni na yenu.

Dada wa Ilazo
Nimeenda stoo sasa hivi na tochi ya simu, kuna TV ya dada yangu imelala humo tangu mwaka juzi. Picha ipo jamani! Nampigia.

Babu Chogo
TV yangu ya chogo watoto wamezaliwa wameikuta, wameoa wameiacha. Ikigoma unaizaba kofi ubavuni, inakaa sawa. Hizi zenu ukizizaba kofi umenunua nyingine.

Fundi Bisibisi
Mzee wa Makole apewe soda. Zile taa ni vidoti vya LED vilivyopangwa kwenye mikanda, na vimeungwa kwa mfululizo: kimoja kikikata, mkanda wote giza, na TV nyingi hapo zinazima taa zote. Sasa mteja anakuja, anataka nibadilishe kile kimoja tu ili alipe kidogo. Nabadilisha. Haupiti muda cha jirani nacho kinakufa, maana vimezeeka pamoja, halafu linaloharibika ni jina langu. Badilisha mikanda yote. Ukifika nyumbani ingia kwenye mipangilio ya picha, shusha mwanga wa taa za nyuma uwe nusu hivi. Nyingi zinatoka kiwandani mwanga uko juu ili zing'ae dukani, na joto ndilo linaloua taa.

Kibaigwa Stendi
Fundi acha biashara hapa. Kaka yangu walimrukia kile kidoti kilichokufa, wakaunga pande mbili kwa kipande cha waya, mwaka wa pili huu TV inadunda.

Fundi Bisibisi
Sijasema haiwezekani. Kuna bodi zinakubali, kuna zinazogundua na kuzima zenyewe. Na pale paliporukwa panabaki kivuli. Kaka yako kazoea kuangalia mpira wenye wingu.

Kibaigwa Stendi
Wingu liko kichwani kwako.

Mwalimu Mpwapwa
Radi wakuu, mbona hamuitaji? Huku mvua za Desemba zinaanza na ngurumo za kufa mtu. Yangu ilikuwa imechomolewa kwenye umeme kabisa, radi ikapita waya wa dishi, ikaingia kwenye king'amuzi, ikavuka kwa kebo ya HDMI mpaka kwenye bodi. Wingu likitanda chomoeni na waya wa dishi.

Kisasa Mpya
Kweli mwalimu. Mimi nimeweka kigadi cha umeme, umeme ukirudi kinasubiri kwanza utulie ndipo kinaruhusu.

Babu Chogo
Kigadi hicho mjukuu wangu alikinunua sokoni, kikaungua kigadi, TV ikabaki.

Kisasa Mpya
Si ndiyo kazi yake babu!

Mwana Kondoa
Wakuu hayo yenu ni madogo. Nilipeleka inchi 50 kwa fundi hapa mjini, mtaa siutaji, nikaacha na pesa ya spea. "Njoo Ijumaa." Ijumaa spea iko Kariakoo. Nikamwambia kaka, SGR imeshaanza, mtu anaenda Dar na kurudi siku hiyohiyo, hiyo spea inakuja kwa punda? Anacheka tu. Mara banda limefungwa, muuza chipsi jirani anasema jamaa kahama, hajui wapi. Nikamwachia Mungu.

Sasa derby iliyopita niko baa moja ya Nkuhungu na shemeji. Kipindi cha pili nikaacha kuangalia mpira, nikawa naiangalia TV. Kona ya chini kulia fremu imeyeyuka kidogo. Binti yangu aliwahi kuiegemeza pasi palepale. Nikajiambia tulia, fremu zinafanana. Nikainuka kama naenda msalani, nikachungulia nyuma. Stika ya katuni imebanduliwa nusu, chini yake jina la binti kwa kalamu ya bluu, herufi moja imegeuka kama anavyoandikaga.

TV YANGU. Na hapo mwamuzi kaweka penalti, baa nzima imesimama, mimi niko nyuma ya TV nimeshika waya wa umeme.

Dada wa Ilazo
Ulichomoa???

Mkulima wa Zabibu
Nimeacha ugali mezani. Endelea.

Swaswa Juu
Naomba kuuliza, ikitokea mistari ya wima upande mmoja ni tatizo gani? Dada wa kazi aliifuta kwa kitambaa cha maji.

Kibaigwa Stendi
Subiri kwanza wewe wa mistari! Kondoa, ukachomoa?

Mwana Kondoa
Shemeji alinidaka mkono. Akasema ukichomoa sasa hivi tunazikwa na jezi. Tukasubiri filimbi ya mwisho. Mwenye baa ni mama mtu mzima, nikampa shikamoo, nikamweleza taratibu. Anasema aliletewa na fundi kufidia deni la vinywaji. Nikatoa simu, picha ya sherehe ya kuzaliwa ya binti, TV iko nyuma ya keki na ile kona inaonekana. Mama kaitazama picha, kaitazama TV, akamwita kijana: "Lete bili ya huyu baba." Sasa tuko kwa mwenyekiti wa mtaa, tunakaa wiki hii.

Mwalimu Mpwapwa
Nenda polisi. Risiti ya kununulia unayo?

Kisasa Mpya
Polisi ya nini, wamalizane kwa mwenyekiti. Mama wa watu naye kaibiwa.

Babu Chogo
Mwachie TV, unywe bure mpaka ifidie.

Mwalimu Mpwapwa
Babu, huyo hanywi, alikuwa na shemeji.

Fundi Bisibisi
Nyie mnaoacha TV kwa watu, pigeni picha ile karatasi ya nyuma yenye namba ya mashine. Na mwambie fundi afungue ukiwepo, uweke alama ya kalamu kwenye bodi, maana kuna wanaobadilisha nzima kwa mbovu. Swaswa Juu, maji yalitiririka mpaka ukingoni. Huko ndiko zilikobandikwa zile tepe nyembamba zinazopeleka picha kwenye kioo, zikiguswa na maji hazina suluhisho la bandani, zinataka mashine ya kuzibandika upya. Kitambaa kikavu laini, TV ikiwa imezimwa.

Swaswa Juu
Kwa hiyo ninunue nyingine?

Kibaigwa Stendi
Usinunue, ifungue mwenyewe, YouTube wanafundisha vizuri tu.

Fundi Bisibisi
Usimsikilize. Umeme wa ukutani ni volti 230, ndani ya bodi unageuzwa na kukaa kwenye kapasita kubwa kwenye volti 300 na ushee, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Nimeona mtu karushwa na TV iliyozimwa.

Kibaigwa Stendi
Ndiyo maana mnatutoza bei hizo, mnatutisha kwanza.

Dada wa Ilazo
Kondoa, kitu kimoja. Yule fundi aliitengeneza kweli? Picha ikoje?

Mwana Kondoa
Picha kali kuliko ilipokuwa mpya. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Babu Chogo
Hiyo baa iko upande gani wa Nkuhungu? Jumapili kuna mechi.