Naomba ushauri: MGB GT yenye pampu ya mafuta ya umeme inazima ikipata moto

Buti la 66 (mleta mada)
Wakuu, habari zenu. Nina MGB GT ya 1966, lile gari la kale la Kiingereza, kabureta mbili za kampuni ya SU. Nimefunga pampu ya umeme mpya kabisa, lakini gari likitembea kidogo na kupata moto linaanza kumisi, linazima, na haliwaki tena mpaka lipoe. Fyuzi nzima, plagi mpya, filta mpya. Jumamosi linambeba bibi harusi, mdogo wangu wa mwisho, na nimeshampa neno langu. Nianzie wapi? Naombeni majibu ya kitaalamu, si ya kuniambia nikodi gari lingine.

Maganda
Kodi gari lingine.

Platini Kongwe
Kijana, pampu ya SU huwa inaongea. Ukiwasha swichi inagonga haraka, inapunguza, inanyamaza: hapo vyumba vya floti, vile vya kabureta vinavyotunza mafuta, vimejaa. Ikigonga mfululizo na injini imezimwa, inavuta hewa upande wa tanki, au tanki ni kavu. Ikinyamaza tangu mwanzo, tafuta umeme, au platini, vile vyuma vidogo vinavyogusana kuunga na kukata umeme, zilizo mkiani mwake. Yangu ilikuwa ikinigomea nashuka, nalala chini na suruali nyeupe, naipiga kwa mpini wa spana, inaamka. Mke wa kwanza alikuwa ananishikia tochi. Wa pili alikataa kupanda kabisa.

Waya Mwekundu
Ethi! Kila siku watu wanasahau ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Pampu ikiwa inafanya kazi, weka ncha moja ya mita kwenye bodi ya pampu, nyingine kwenye nguzo ya ethi ya betri. Ukisoma zaidi ya nusu volti, ethi yako mbovu. Na gari likizima, fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia linavuta hewa kwa nguvu, njia ya kupumulia imeziba.

Buti la 66
Ethi nimeikwangua inang'aa, hasi iko kwenye bodi. Tanki halivuti kitu. Ila kuna kamoshi keusi nyuma na harufu ya petroli ndani, nadhani ni kawaida ya magari haya.

Bi Spana
Si kawaida. Pampu iliyochoka huinyima injini mafuta, na moshi mweusi ni mafuta kuzidi. Hao wote hapo juu wanakutafutia upungufu wakati wewe unafurika. Umesema "pampu mpya kabisa". Ya nini?

Buti la 66
Ni pampu nzuri tu, dada. Ya umeme, volti 12.

Bi Spana
Sijauliza volti. Imetoka kwenye gari gani?

Subira Tele
Vijana wa leo hamna uvumilivu. Gari la kale huendeshwa na mtu aliyetulia moyo. Kwanza haya mambo ya kujionyesha harusini...

Buti la 66
Haya. Ni ya gari la injeksheni, lile lisilo na kabureta, linalopuliziwa mafuta kwa presha. Lakini ile ya zamani ilikuwa inanifia njiani, na fundi alinihakikishia kwamba injini huchukua kile inachohitaji tu, kinachozidi kinabaki kwenye bomba. Halafu nimeuminya mpira kwa klipu ili kupunguza presha. Waya nimeuvuta moja kwa moja kutoka kwenye betri, swichi iko chini ya kiti. Kwa hiyo umeme uko vizuri, shida iko kwingine.

Bi Spana
Shida ni hiyo hiyo. Pampu ya SU ya gari lako inasukuma presha ya takribani psi 3. Ya injeksheni mara nyingi ni psi 40 na zaidi. Kale kasindano ka floti kanakofunga mafuta chumba kikijaa hakawezi kuzuia hiyo, kwa hiyo kabureta inafurika. Klipu inapunguza kasi ya mafuta yanapotembea tu. Sindano ikifunga, mafuta yanasimama, na presha inapanda mpaka iwe sawa pande zote mbili za klipu. Na kwenye injini hiyo kabureta na manifoldi ya ekzosti ziko upande mmoja. Petroli ikimwagika inakutana na chuma cha moto.

Swichi ya chini ya kiti ndiyo inanitisha zaidi. Ukigonga mahali, injini inazima lakini pampu inaendelea kumwaga.

Nyundo
Wakuu, hii chai. MGB ya 1966 ilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi. Hasi ilikuja na toleo la Mk II mwishoni mwa 1967. Huyu anatuambia hasi. Na kile kibenchi cha nyuma cha GT ni cha watoto, shela litaingia wapi? Leta picha.

Maganda
Na mimi nilishaanza kumhurumia bibi harusi.

Buti la 66
Aliyeniuzia alishatoa dainamo akafunga altaneta, akageuza ethi. Bibi harusi anakaa mbele, bwana harusi anakuja na gari lake. Picha siweki, namba zinaonekana.

Nyundo
Funika namba.

Platini Kongwe
Nyundo, magari mengi yaligeuzwa hivyo, hata langu. Iwe chai isiwe chai, mwingine atasoma na kufunga pampu ya namna hiyo. Buti, ile ya zamani umeitupa? Ukiigonga ilikuwa inaamka?

Buti la 66
Ipo kwenye boksi. Ndiyo, ilikuwa inaamka.

Platini Kongwe
Basi ni platini zimechafuka. Fungua kofia ya mkiani, mbali na petroli maana zinatoa cheche. Pitisha kipande cha karatasi ngumu safi katikati yake. Zikiwa zimeungua, badilisha seti. Ila angalia ndani kwanza: zenye platini na kondensa peke yake hazijali chanya wala hasi, zenye dayodi au za kielektroniki zinajali sana, na ya kwako gari limegeuzwa.

Buti la 66
Na nikiirudisha halafu ikafa na shela limo ndani?

Maganda
Mpe bibi harusi mpini wa spana badala ya maua.

Buti la 66
Nimewaelewa, nitaifungua usiku huu. Ila swichi ya chini ya kiti naiacha, inanisaidia dhidi ya wezi.

Bi Spana
Iondoe.