Kipandauso: nini hutokea kichwani kabla maumivu hayajaanza? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za leo. Wagonjwa wengi wa kipandauso humeza dawa kichwa kikiwa kinagonga tayari, kisha husema dawa ni feki. Mara nyingi tatizo ni saa waliyoimeza. Shambulio huanza mapema kuliko maumivu, na kila hatua ina kemikali zake. Wa neva, maabara, famasi na uzazi, karibuni.

Daktari wa Neva
Tuanzie haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoratibu usingizi, njaa na kiu. Picha za ubongo zimeonyesha inachangamka siku moja hivi kabla ya maumivu. Ndiyo maana mgonjwa hupiga miayo mfululizo, shingo humkaza, hutamani vitu vitamu. Wengi huilaumu chokoleti waliyokula jana, kumbe hamu yenyewe ilikuwa shambulio limeshaanza.

Takriban theluthi moja ya wagonjwa hupata pia aura, yaani dalili za muda kama vimulimuli machoni. Chanzo chake ni wimbi kwenye ubongo ambalo mtafiti Aristides Leão alilieleza mwaka 1944 akichunguza ubongo wa sungura: seli huchachamaa kwa pamoja, humwaga kemikali za potasiamu na glutameti, zikaamsha seli jirani, halafu zikanyamaza. Husafiri milimita 2 hadi 5 kwa dakika. Kwa hiyo vimulimuli machoni hutanda polepole, kati ya dakika 5 na 60. Ganzi au giza la ghafla lichukuliwe kuwa kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Maabara
Maumivu yenyewe yanaihusu sana CGRP, protini ndogo ya amino asidi 37. Miisho ya neva ya trijemina, ile inayobeba hisia za uso na utando wa ubongo, ndiyo huimwaga. Mwaka 1990 watafiti Goadsby na Edvinsson waliipima katika damu ya mshipa wa shingo wakati wa shambulio wakaikuta imepanda.

Naomba tuache kufundisha kwamba kipandauso ni "mishipa imetanuka" basi. Sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, imeweza kuamsha shambulio bila kutanua mishipa mikubwa ya ubongo. Kiini ni neva.

Mfamasia
Dawa iliyochelewa hushindwa kwa sababu mbili. Kwanza, wakati wa shambulio tumbo hupunguza mwendo, kidonge kikabaki humo bila kufika kwenye utumbo. Pili, triptani, kundi la dawa maalumu za kipandauso, hushika vipokezi vya serotonini kwenye miisho ya neva na kuzuia CGRP isimwagwe. Zikipita saa moja au mbili, seli za ndani zaidi, kwenye shina la ubongo, zimeshaamka na zinaendelea zenyewe. Dalili yake ni mgonjwa kuumia hata akichana nywele au kuvaa miwani. Hapo triptani hufanya kazi nusunusu.

Sumatriptani, mojawapo ya triptani, mg 50 imezwe maumivu yakianza, yakiwa bado madogo. Kama ilisaidia kisha yakarudi, rudia baada ya saa 2, bila kuzidi mg 200 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi au mwenye presha isiyodhibitiwa asiiguse, wala isichanganywe na ergotamini, dawa ya zamani ya kipandauso, ndani ya saa 24. Kama haipo dukani, ibuprofeni mg 400 au aspirini mg 900 kwa mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo wala ujauzito, na daktari anaweza kuongeza metoklopramidi mg 10 ili tumbo lisukume.

Triptani ikifika siku 10 kwa mwezi, au panadoli siku 15, dawa yenyewe huzalisha maumivu ya kila siku.

Mkunga
Estrojeni, homoni ya kike, ikishuka, kizingiti cha shambulio hushuka nacho, yaani shambulio huja kirahisi: siku 2 kabla ya hedhi hadi siku ya 3. Mwenye aura asipewe vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, hatari ya kiharusi huongezeka. Vya projestini peke yake vipo.

Mfamasia
Nyongeza kwa wanaofunga Ramadhani: siku za mwanzo kahawa hukatika ghafla, na hilo huleta maumivu ya kichwa. Ipunguzwe kikombe kimoja kimoja kuanzia wiki moja kabla.

Daktari wa Neva
Na kichwa chenye homa kipimwe malaria kwanza. Homa ikiambatana na shingo ngumu, au maumivu yakifika kilele ndani ya dakika moja, ni hospitali siku hiyohiyo.