Mwarobaini unaua vijidudu mwilini, au kwenye sahani ya maabara tu?

Mgosi Mkavu: Wakuu, kila stendi siku hizi kuna spika inatangaza unga wa majani. Mwarobaini, mlonge, majani ya mpera, vyote vinatibu UTI, taifodi, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Muuzaji akibanwa anajibu "imethibitishwa maabara". Tujadili jambo moja: unga huo uruhusiwe kuuzwa bila kipimo kuandikwa kwenye pakiti? Mimi nasema hapana. Sheria ya tiba asili tunayo tangu 2002 na Baraza lipo. Huo uthibitisho mara nyingi ni majani kulowekwa kwenye spiriti, kitone kikawekwa kwenye sahani yenye bakteria, pakabaki duara tupu lisilo na bakteria. Jiki nayo inaacha duara. Nani anakunywa jiki?

Bibi Alinilea: Ulianza vizuri ukaja kuharibu mwishoni. Dawa za bibi zetu leo zimekuwa jiki? Mimi nimenyweshwa mwarobaini nimezibwa pua, na nipo hapa nabishana na wewe.

Mgosi Mkavu: Dada, sijamgusa bibi yako. Nimeuliza kipimo.

Bibi Alinilea: Kipimo ni kikombe cha chai. Nani hajui?

Dozi Kamili: Kikombe cha majani mangapi, mabichi au makavu, ya mti wa wapi? Kemia ya jani inabadilika kwa udongo, umri na msimu. Halafu kuna tanini, zile kemikali za ukakasi. Hizi zinanata kwenye protini yoyote, ndiyo maana jani lenye tanini nyingi linaonekana shujaa kwenye sahani. Tumboni zinanata kwenye maharage yako kabla hazijamfikia bakteria. Na mwarobaini si wa kuchezea: Malaysia mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto wachanga walipewa mafuta yake, wakapata degedege, wengine wakafa.

Duka la Mizizi: Hayo ni mafuta ya MBEGU. Hapa tunaongelea majani. Ndiyo kazi yenu nyie mliotumwa na wenye viwanda, kuchanganya watu. Kwani dawa mseto ya malaria imetoka wapi kama si kwenye jani? Artemisia ya Madagascar! Si tulipeleka ndege kuifuata 2020?

Dozi Kamili: Kwenye mbegu umenishinda, sawa. Artemisia ni ya Uchina, Madagascar wanalima tu, hata Arusha imelimwa. Mtafiti wa huko, Mama Tu Youyou, alipata Nobel 2015 kwa kazi hiyo, na kilichomkwamisha mwanzoni ndicho unachowaambia wateja wako: chemsha. Moto ulikuwa unaharibu kiini chenyewe, hadi akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo. Halafu malaria si bakteria, na ndege haikufuata dawa ya malaria, ilifuata ya korona.

Mwana wa Ziwa: Mnabishana kuhusu Uchina wakati jibu lipo Mahale, Kigoma. Mwaka 1987 sokwe jike, jina lake Chausiku, aliugua akawa analala tu mchana. Akavunja tawi la mjonso, akamenya ganda, akatafuna kiini kichungu. Kesho yake akaamka. Sokwe anajua kipimo kuliko wasomi wa hapa.

Bibi Alinilea: Ehee! Sasa bibi yangu ameshushwa kutoka jiki hadi sokwe.

Kahawa Chungu: Mjonso si ndiyo mubirizi wetu wa Bukoba? Kila nyumba ina mti nyuma ya migomba, tunakunywa tangu enzi za mababu. Msituambie tumefundishwa na sokwe wa Kigoma.

Mwana wa Ziwa: Nani kasema mmefundishwa? Na nyie Wahaya kila kitu ni chenu. Subiri uambiwe Chausiku alisoma Bukoba.

Kahawa Chungu: Angesoma Bukoba asingetafuna tawi hadharani.

Duka la Mizizi: 😂😂 Lakini ona, Mzungu akaandika, akapata jina. Mzawa hakuna. Ndiyo wizi wenyewe. Hata mwarobaini waliukatia hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) Ulaya, kampuni ya Marekani na wizara yao ya kilimo, hadi Wahindi wakapiga kelele ikafutwa.

Mwana wa Ziwa: Hapo mkuu umekosea. Aliyekuwa na Huffman, mtafiti huyo unayemsema, ni Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mganga na mtumishi wa hifadhi. Yeye ndiye aliyemwambia huo mti ni dawa kwao. Andiko la 1989 lina majina mawili, Huffman na Seifu.

Duka la Mizizi: Jina la pili.

Mwana wa Ziwa: La pili ni jina pia. Wewe la kwako liko wapi kwenye pakiti?

Mgosi Mkavu: Asante, umenirudisha kwangu. Chausiku alitupa majani na ganda, akala kiini tu. Walipopima wakakuta vernodalini, sumu, imejaa kwenye majani na ganda. Tena inadhaniwa alikuwa anapambana na minyoo, si bakteria. Kwa hiyo sokwe anachagua sehemu ya mti, Mzee Kalunde anajua sehemu ya mti, ila wa stendi anasaga tawi zima na kuandika "dawa ya magonjwa yote".

Kahawa Chungu: Sisi majani tunachemsha na kunywa. Sumu iko wapi?

Dozi Kamili: Iko kwenye kiasi. Mnakunywa kidogo kwa sababu ni chungu.

Duka la Mizizi: Mimi sisagi matawi, tusichafuliane biashara. Nipo Mbagala kila siku isipokuwa Ijumaa mchana, njooni mjionee.

Mgosi Mkavu: Kaka, umeulizwa kipimo, unatoa ramani.

Duka la Mizizi: Kijiko kimoja kutwa mara mbili.

Dozi Kamili: Cha chai au cha chakula?

Duka la Mizizi: Inategemea na mwili wa mteja.